SQ ya Kizingo Igeuke Nyumba ya Wageni: Chokaa, Maji ya Mvua na Till ya Familia

Ukiiacha Fort Jesus mgongoni ukaelekea upande wa Mama Ngina, muda si muda unaingia Kizingo. Unajua umefika kwa vile mitaa inapanuka, miti inakuwa mikubwa, na upepo wa bahari unakupata hata kabla hujaiona bahari yenyewe. Hapa ndipo wakubwa wa serikali ya kikoloni walipojengewa: nyumba za kuta nene, baraza pana, paa la vigae na uwanja ambao watoto wanaweza kucheza mpira bila kuvunja dirisha. Nyingi zimeshabomolewa na mahali pake pamesimama maghorofa. Lakini kwa zile zilizobaki, hebu chungulia nyuma. Karibu na ukuta wa mwisho, chini ya mwembe au mkungu, utakuta kijumba cha vyumba viwili chenye mabati yaliyoshika kutu. Zamani kilikuwa kota za watumishi, au jiko la nje. Leo sote tunakiita SQ, na mara nyingi kimejaa magodoro mabovu, baiskeli bila tairi na mafaili ya marehemu babu.

Wateja wetu wa Mombasa wanatuuliza swali moja kwa njia tofauti tofauti: nikiitengeneza SQ ya nyumbani nikaipangisha kwa wageni wa likizo, nifungue akaunti gani? Swali zuri. Tena linatuhusu, kwa sababu pesa za ukarabati zinapita kwenye simu, pesa za wageni zinapita kwenye simu, na ugomvi wa kifamilia kuhusu pesa hizo nao, tuseme ukweli, mara nyingi huanzia kwenye simu. Akaunti tutafika. Ila kuna maswali mawili yanayoitangulia: kijumba ni cha nani, na kuta zake zinataka nini?

Kijumba ni cha nani?

Tuchukue mfano. Baba amefariki, ameacha nyumba Kizingo na watoto watatu. Dada mkubwa anaishi hapo na mama. Kaka yuko Muscat kikazi. Kitinda mimba yuko Nairobi. Hati ya ardhi bado ina jina la baba. Kaka anatuma 40,000 za kutengeneza paa la SQ kwa nambari ya dada. Dada anamlipa fundi 25,000, halafu mama anaugua, dawa zinanunuliwa, tokeni za stima zinaisha, mjukuu anadaiwa karo. Baada ya mwezi paa limefika nusu na pesa hazipo. Hakuna aliyeiba hata senti. Lakini hakuna anayeweza kuonyesha zilikokwenda pia, maana zilichanganyika na pesa za sukari. Mwaka wa pili kaka anasema maneno ambayo familia nyingi za Kizingo zimeshayasikia: basi tuuze, kila mtu achukue chake.

Nyumba inakwenda hivyo. Mnunuzi haitaki nyumba, anaitaka ploti.

Kwa hivyo kabla ya mfuko wa kwanza wa chokaa, kaeni. Kama mirathi haijafanywa, anzeni safari hiyo. Kwa familia za Kiislamu kuna mahakama ya kadhi, ambayo Katiba ya 2010 inaitambua kwa mambo ya mirathi, ndoa na talaka. Wengine wataenda mahakama za kawaida. Kama hati ni ya lisi, angalieni imebaki miaka mingapi, kwa sababu hakuna haja ya kumwaga pesa kwenye ardhi ambayo muda wake unakaribia kwisha bila kujua utaratibu wa kuongezewa. Mambo haya huchukua muda, na paa linalovuja halingoji. Basi wakati mirathi inaendelea, andikeni ukurasa mmoja tu: nani anatoa kiasi gani, na kila pesa inayotolewa ni zawadi kwa nyumba au ni mkopo utakaorudishwa kwanza chumba kikianza kuingiza. Neno hilo moja, zawadi au mkopo, ndilo huwa halisemwi. Halafu linakuja kusemwa siku ya matanga.

Ukuta unaopumua

Sasa tuingie ndani ya kijumba chenyewe, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kuibiwa.

SQ nyingi za zamani za Kizingo, kama nyumba za Mji wa Kale, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe: mwamba uliokuwa chini ya bahari zamani sana, ukachimbwa nchi kavu. Jiwe hili lina vitundu vitundu. Linanyonya unyevu na linautoa. Wazee walilishikamanisha kwa chokaa na kulipaka chokaa, kwa sababu chokaa nayo inapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini au kuingia na mvua unapata njia ya kutoka nje, ukuta unakauka, maisha yanaendelea.

Fundi wa leo akiona plasta imebanduka, wazo lake la kwanza ni simiti. Anaukwangua ukuta, anauvika simiti laini, anapaka rangi ya plastiki, na kwa miezi mitatu picha zinapendeza kweli. Kisha masika inakuja. Unyevu umo ndani ya jiwe lakini mlango umefungwa. Maji yanatafuta pa kutokea yakibeba chumvi, na hapa kwetu chumvi haikosekani. Maji yakikauka, chumvi inabaki nyuma ya plasta, inaganda na kuusukuma ukuta. Utaona rangi inavimba kama ngozi iliyoungua, kisha unga mweupe, kisha bamba zima la simiti linaanguka na kuondoka na uso wa jiwe. Umelipa mara moja kuharibu, utalipa mara ya pili kutengeneza, na mgeni aliyelala humo wiki hiyo atakuandikia nyota mbili kwa harufu ya ukungu.

Kama unadhani chokaa ni dhaifu, nenda ukaiangalie Fort Jesus. Ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa matumbawe na chokaa, imepigwa mizinga, imetekwa na kutekwa tena, imekuwa jela, na bado imesimama ikitazama bahari. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. SQ yako haitapigwa mizinga.

Kufanya kazi na chokaa kunataka subira zaidi ya nguvu. Chokaa mbichi iliyotoka tanurini ikikutana na maji inachemka yenyewe na kuwa moto sana, kwa hivyo fundi avae glavu na miwani, na watoto wasikaribie kabisa. Ikiingia machoni inaunguza. Ikishapoa inaachwa imefunikwa na maji kwa wiki kadhaa ilainike iwe kama mtindi. Mchanga uwe wa mto au wa shimo uliooshwa. Usikubali mchanga wa ufuoni hata ukiwa wa bure, maana unajiletea chumvi ile ile tunayoikimbia. Plasta hupigwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka hufunikwa kwa magunia ya maji siku kadhaa isikauke haraka kwa jua. Mwisho unapaka chokaa ya maji badala ya rangi ya plastiki. Chokaa ya mfuko inayouzwa madukani nayo inafaa ukikosa ile ya kuloweka, ingawa mafundi wa zamani watakwambia si sawa, na tunawaamini.

Kuna watu wanaisifu chokaa kana kwamba haina dhambi kwa mazingira. Si kweli. Nayo huchomwa kwa moto mkali, na tanuri la kuni linakula miti. Ila ikishapakwa, kadiri inavyokuwa ngumu hurudisha ndani yake sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka wakati wa kuchomwa. Na faida kubwa zaidi ni kwamba ukuta wa zamani unabaki. Jiwe ambalo halijabomolewa halihitaji lori la kulibeba wala jiwe jipya la kuchukua nafasi yake.

Fundi utampata wapi? Anza Mji wa Kale, si mbali. Uliza nani alitengeneza nyumba fulani, nenda ukaiangalie baada ya mvua, si kabla. Na kama jengo lako lenyewe liko ndani ya eneo la uhifadhi la Mji wa Kale, usiguse kitu mpaka uongee na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Taifa. Mlango na roshani ya huko si vyako peke yako.

Vya zamani kwanza

Kila nyumba kuukuu inapobomolewa mjini, vigae, milango ya mbao ngumu, vyuma vya madirisha na hata beseni za kunawia hutoka vikiwa vizima. Pitia wauza vifaa vilivyotumika kabla ya kununua kipya. Boriti za mkoko nazo: zile za zamani zikiwa nzima, zisafishe na uzirudishe. Mikoko haikatwi hovyo siku hizi, kuna vibali vya idara ya misitu, kwa hivyo ukinunua boriti mpya dai karatasi zake. Na usimlaumu babu kwa kujenga vyumba vyembamba. Boriti moja hubeba upana usiofika mita 3, ndiyo sababu vyumba vingi vya Kiswahili vina umbo la ukumbi mrefu. Weka kitanda upande mmoja, baraza ndogo ya kukaa upande wa pili, mgeni atadhani ulifanya makusudi.

Wengi wanataka kuezeka makuti kwa sababu yanapendeza kwenye picha. Yanapoza kweli. Lakini yanabadilishwa kila baada ya miaka michache, na katika mtaa uliobanana cheche moja ya jirani anayechoma takataka inatosha. Kwa SQ ya mjini sisi tungebaki na mabati mazuri, dari chini yake, na nafasi ya hewa katikati.

Kuhusu joto, Kizingo ina bahati. Kusi inavuma kutoka Aprili hadi karibu Oktoba, kaskazi inachukua zamu yake kuanzia Desemba hadi Machi. Kama chumba kina dirisha upande mmoja tu, toboa la pili ukuta wa mkabala kabla hujafikiria eyasii. Hewa ikiingia huku na kutokea kule, feni moja inatosha usiku mwingi, na bili ya stima itakushukuru. Funga mita ndogo ya SQ peke yake ili ujue wageni wanatumia kiasi gani.

Maji

Maji ya bomba kisiwani huja kwa zamu, na sehemu yake yanasafiri kutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Kwa hivyo paa lako ni mali. Mombasa hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita 30 za mraba kwa hesabu hiyo linapokea lita 30,000. Ukitoa zinazomwagika na zile za mwanzo zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege, zimebaki kama lita 24,000. Wageni wawili wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku, hizo ni siku 120. Bila shaka hazitakuja kwa mpangilio huo. Nyingi zitamwagika Aprili na Mei, tangi lijae na kufurika, kisha Januari uangalie mawingu bure. Lakini tangi la lita 5,000 likijaa mara tatu nne kwa mwaka, ni mikokoteni mingapi ya maji hukuiita? Maji hayo ni ya kuogea, choo na bustani. Ya kunywa yawe mengine. Na kabla hujaongeza choo, fundi mabomba aangalie maji machafu yanakwenda wapi hasa. Shimo la zamani lililo karibu na kisima cha jirani ni kesi inayokusubiri.

Sasa tuongee pesa

Kwanza pesa za kutoka. Usimtumie fundi pesa za vifaa. Hili tunalisema bila kumtuhumu fundi yeyote. Mwambie akupe orodha, kisha lipa mwenyewe kwa till ya duka la vifaa, na fundi akachukue mzigo. Kaka wa Muscat anayetuma pesa atajua 18,000 zilikwenda dukani kwa mabati, siku gani, na ujumbe upo. Fundi mlipe kazi yake kwa hatua: paa likiisha, plasta ya kwanza ikiisha, na kadhalika. Kubalianeni tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba sehemu ya mwisho italipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza. Fundi anayejiamini hatakataa.

Pili, pesa za kuingia. Fungua till kwa jina la nyumba ya wageni, si nambari ya dada. Dada aendelee na nambari yake ya sukari na dawa. Till ni ya chumba, basi. PIN ibaki kwa msimamizi mmoja, lakini taarifa ya akaunti itumwe kwa ndugu wote kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao hakukuja mgeni. Hasa mwezi huo.

Hesabu yenyewe inaweza kuwa hivi. Tuseme chumba ni 3,000 kwa usiku na mwezi huu kimepata usiku 12. Hizo ni 36,000. Usafi, kufua shuka, stima, maji na sabuni vimekula 10,000. Zimebaki 26,000. Weka 6,000 za ukarabati na usiziguse. Chokaa ya maji inapakwa upya kila baada ya muda. Zilizobaki 20,000 zirudishe mkopo. Kama ukarabati wote uliwagharimu 600,000, kwa mwendo huu mkopo unaisha baada ya miezi 30. Kuna miezi ya Desemba na Aprili shule zikifungwa ambapo utapata zaidi, na kuna Mei ya mvua ambapo utaangalia kalenda tupu. Mtu akikuahidi kwamba SQ itajilipa ndani ya miezi sita, muulize yeye anauza nini.

Kuna faida nyingine ya till ambayo watu hawaifikirii. Mombasa ina matapeli wanaoiba picha za nyumba za watu, wanaziweka mtandaoni, na kuitisha malipo ya awali kwa nambari ya kibinafsi. Mgeni anafika na familia yake na mabegi, anakuta hakuna nyumba kama hiyo. Mgeni aliyewahi kuumwa hivyo atataka kuona jina la biashara kabla ya kuweka PIN. Lifanane na jina lililo kwenye tangazo na kwenye kibao cha mlangoni. Na wewe pia jilinde: mgeni akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, mwambie karibu, keti, kisha angalia salio la till yako mwenyewe kabla ya kutoa ufunguo. Ujumbe mtu anaweza kuuandika. Salio la till yako hawezi. Masharti ya kurudisha malipo ya awali yaandikwe kabla ya kupokea shilingi ya kwanza; ukilazimika kurudisha, rudisha kwa nambari ile ile iliyolipa, si kwa nambari ya binamu yake.

Vibali tutavipitia haraka kwa sababu ofisi zenyewe zitakueleza vizuri zaidi. Serikali ya kaunti inahusika na mabadiliko ya matumizi ya jengo na kibali cha biashara. Mamlaka ya udhibiti wa utalii inatoa leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na nyumba ndogo za wageni zimo. KRA je? Ile kodi ya 7.5% iliyoanza Januari 2024 ni ya nyumba za kuishi zinazopangishwa. Mgeni wa siku mbili tatu ni biashara. Mauzo yakizidi milioni 1 kwa mwaka bila kupita milioni 25, kuna TOT ya 3%. Yakiwa chini ya hapo, kama kwenye mfano wetu wa 432,000 kwa mwaka, bado unayatangaza kwenye ritani kabla ya 30 Juni. Taarifa ya till itakuwa imeshakufanyia nusu ya kazi.

Kabla ya kuweka tangazo, mlale humo wenyewe siku mbili: usiku mmoja wa joto na usiku mmoja wa mvua. Oga hapo, chemsha chai, sikiliza feni, angalia kama mlango wa choo unafungika ukiwa umevimba kwa unyevu. Na kaka wa Muscat akija likizo akataka kulala SQ aone pesa zake zilivyofanya kazi, mpeni bei ya ndugu. Lakini alipe kwa till, ionekane kwenye taarifa ya mwezi huo.